Nyota katikati ya mkataba: Anadai haki au anaomba ihsani?

Mchezaji amesaini mkataba wa miaka minne. Unapofika mwaka wa pili amekuwa nyota, uwanja mzima unaimba jina lake, na mgeni aliyesajiliwa jana analipwa mara kadhaa ya mshahara wake. Je, anastahiki kuongezwa mshahara kabla mkataba haujaisha? Na akikataliwa, ana ruhusa ya kufunga virago?

Ndugu msomaji, swali hili lilitikisa nchi yetu kwa nusu mwaka mzima. Mwishoni mwa Disemba 2022, Feisal Salum, kijana wa Zanzibar tunayemwita Fei Toto, aliwaaga mashabiki wa Yanga, klabu aliyojiunga nayo mwaka 2018 akitokea JKU. Aliiwekea klabu Sh milioni 112, yaani Sh milioni 100 pamoja na mishahara ya miezi mitatu, Sh milioni 12, akiamini kuwa kwa kufanya hivyo mkataba umevunjika. Yanga ilizirudisha fedha zile na kusema mkataba wake unakwenda hadi Mei 2024. Januari 2023, kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji iliamua kuwa yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Aliomba shauri lipitiwe upya, akashindwa tena.

Hapa kwetu Kagera, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Bukoba mjini hadi stendi ya Muleba, watu waligawanyika makundi mawili. Wa kwanza walisema: kijana anaibeba timu, halafu analipwa Sh milioni nne kwa mwezi, huo ni unyonyaji. Upande wa mchezaji ulipotoa kauli ya kula ugali na sukari, kundi hili lilipata silaha. Wa pili walisema: mkataba ni mkataba, nani alimshika mkono akasaini? Nilivyosikiliza, niliona makundi yote mawili yanachanganya mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa: kudai haki, kuomba ihsani, na kuvunja ahadi.

Mkataba unanunua nini?

Tuanze na haki. Mwenye mkataba wa muda maalumu amekubali jambo moja kubwa, kwamba bei haitabadilika ndani ya muda ule, ije heri au ije shari. Pande zote mbili zinabahatisha. Klabu inabahatisha kwamba kijana atacheza vizuri. Kijana naye anajikinga, kwani akiumia goti au akipoteza kiwango, mshahara wake upo.

Sasa tugeuze swali. Nyota yule angeporomoka kiwango mwaka wa pili akakaa benchi, je, klabu ingekuwa na haki ya kumpunguzia mshahara? Sote tungepiga kelele kuwa ni dhulma. Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, wachezaji wa Barcelona walikatwa asilimia 70 ya mishahara kwa kipindi cha hali ya dharura, lakini walikatwa kwa kuridhia kwao. Ikiwa mshahara haushuki bila ridhaa ya mchezaji, basi kwa mizani hiyo hiyo haupandi bila ridhaa ya klabu. Mizani haiwezi kuwa na sahani moja.

Vijana wetu wa bodaboda wanalielewa jambo hili kuliko wachambuzi wa redioni. Kijana anachukua pikipiki ya mkataba, anapeleka kwa tajiri kiasi walichokubaliana kila wiki, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Tuseme abiria wa Bukoba hadi Muleba wameongezeka, tajiri akaja miezi sita ndani akasema: "Naona biashara imekuchanganyia, kuanzia leo ongeza hesabu." Kijana atasema nini? Atautoa mkataba mfukoni, na atakuwa na haki. Basi karatasi ile inayomlinda mnyonge dhidi ya tajiri ndiyo hiyo hiyo inayomfunga mnyonge anapokuwa nyota.

Kwa Muislamu jambo hili lina uzito zaidi. Aya ya kwanza ya Surat Al-Maida inawaamrisha walioamini kutimiza mikataba, na haikuwatofautisha waliopata faida na waliokosa.

Hata hivyo, kuna butura

Lakini tusiwe wepesi wa kumhukumu mchezaji. Sisi watu wa Kagera tunaijua butura. Mkulima wa Muleba ana shida ya ada ya shule au ana mgonjwa, kahawa yake bado ni maua mtini. Anakuja mwenye fedha, ananunua mavuno yajayo kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika kahawa ina bei, na mkulima anaiangalia ikibebwa. Mwaka 2024, bei ya robusta ilipofikia viwango vya juu sana duniani, aliyeuza maua alibaki kushika tama. Serikali imeipiga marufuku butura kwa miaka mingi. Mtume (s.a.w.) naye alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kukomaa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim.

Wapo wanaosema kijana wa miaka 18 au 20 anayesaini kwa klabu kubwa ni kahawa iliyouzwa ikiwa maua. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Kahawa mtini haijulikani kama itakuwepo. Mchezaji anauza kazi yake, na kazi yake, muda wake na ujira wake vimetajwa. Hiyo ni ijara inayojulikana, si butura. Ukweli uliomo ni huu: shida humfanya mtu akubali bei asiyoiridhia moyoni, na mwenye nguvu analijua hilo. Kiongozi wa klabu anayemfungia kijana miaka minne kwa bei ya shida, huku akijua thamani yake, anaweza kuwa salama mbele ya kamati ya TFF, lakini ajiulize kama yuko salama mbele ya Mola wake.

Pia tusisahau kwamba mchezaji anazo haki ambazo si za kuombwa. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema klabu isiyolipa mishahara miwili ya mwezi bila sababu, ikapewa notisi ya siku 15 na isilipe, imempa mchezaji sababu halali ya kuondoka. Hapo haombi mtu ihsani, anadai jasho lake. Mafundisho ya dini yetu yanataka mfanyakazi alipwe kabla jasho halijamkauka. Lakini malipo kuwa madogo ni jambo moja, na malipo kutotolewa ni jambo jingine.

Mkataba wa Madyan

Mfano bora ninaouona ni mkataba wa Nabii Musa (a.s.) katika Surat Al-Qasas, aya ya 27 na 28. Musa alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Mzee wa pale akamtaka amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi, hiyo miwili itakuwa ni kwa hiari yake. Tazama mpangilio huo! Wajibu umetajwa kwa idadi, na ihsani imetajwa mahali pake, tena siku ya kwanza. Ibn Abbas (r.a.) amepokewa katika Bukhari akisema Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi.

Somo ni kwamba ihsani ina nafasi kubwa katika ajira, lakini haidaiwi. Inaombwa, na mwenye kuitoa anapata ujira wake kwa Allah (s.w.). Na kwa klabu yenye akili ihsani hii ni faida vilevile. Barcelona walimpa Lionel Messi mikataba mipya mara nyingi kabla ya zamani kwisha. Walimwongezea maslahi, naye akawaongezea miaka. Hiyo ndiyo njia ya wazi kwa nyota: asije na dai tupu, aje na kitu mkononi.

Na ikishindikana kabisa, sheria yetu inayo ikala, yaani pande mbili kukubaliana kuachiliana. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah, anayemfungulia Muislamu aliyejutia biashara yake ameahidiwa kufunguliwa makosa yake Siku ya Kiyama. Lakini ikala ni ya wawili. Mmoja kuweka fedha na kuaga si ikala.

Yaliyotokea yanafundisha

Suala la Fei Toto liliishaje? Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliwakaribisha Yanga Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na hapo akawaomba walimalize jambo la kijana huyo. Siku chache baadaye Azam walimtangaza kuwa wao. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu, nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga aliyefunga 21. Waliosema kijana ana thamani hawakukosea. Lakini thamani yake haikuwahi kubishaniwa. Kilichobishaniwa ni njia, na njia ile ilimgharimu nusu msimu nje ya uwanja. Mwisho wa yote aliyemtoa ni maelewano, yaani ikala ile ile ambayo ingeweza kutafutwa Disemba.

Sisi wa Bukoba tuna sababu yetu ya kulitazama hili kwa makini. Klabu ndogo haina jeuri ya fedha, mali yake ni mikataba. Kagera Sugar ya Kaitaba, kabla ya kushuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, ililea wachezaji wengi. Yusuf Mhilu alitoka hapa kwenda Simba mwaka 2021. Ikiwa kila anayeng'ara anaweza kurudisha ada yake na kuondoka wakati wowote, klabu za mikoani zitakuwa mashamba ya butura kwa klabu za Dar es Salaam.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili. Nyota hana haki ya kudai nyongeza katikati ya mkataba, ana haki ya kuiomba. Klabu haina wajibu wa kisheria wa kumpa, lakini ina sababu za kidini na za kibiashara za kumsikiliza. Na uadilifu wenyewe mahali pake ni siku ya kusaini. Kijana asisaini peke yake. Amchukue mtu ajuaye kusoma vifungu, aombe mshahara upande kila mwaka, aombe nyongeza kwa idadi ya mechi na mabao, na kiasi cha kumtoa kiandikwe kwa tarakimu zisizo na tafsiri mbili.

Haya si ya wacheza mpira peke yao. Mwalimu wa shule binafsi, muuza duka, ustadh wa madrasa, wote wanasaini au wanapeana mikono. Ninyi mnaokaa kwenye kamati na bodi zetu, msisubiri ustadh apate kazi kwingine ndipo mgundue kuwa alikuwa nyota. Na wewe uliyesaini, timiza. Ukitaka zaidi, gonga mlango na uombe, wala usiuvunje.

Allah atujaalie tuwe watimizaji wa ahadi, na watoaji wa ihsani pale ambapo hakuna karatasi inayotulazimisha. Amin.