Je, Mwombaji wa Udaktari Aitaje Dhiki Aliyokulia?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa asiyesema kwamba hushinda njaa humnyima daktari sehemu muhimu ya historia yake. Ataandikiwa dawa, naye atazimeza akiwa na tumbo tupu. Haya kama hiyo huwashika vijana wengi wa familia maskini wanaoomba kusomea udaktari nchini Marekani.

Kwa miaka mingi, fomu ya pamoja inayosimamiwa na Chama cha Vyuo vya Tiba vya Marekani (AAMC) ilimtaka mwombaji aseme iwapo angependa kuhesabiwa miongoni mwa waliotoka katika mazingira duni. Swali hilo liliondolewa kuanzia maombi ya mwaka wa masomo 2024. Sasa mwombaji huulizwa kama amepitia vikwazo vikubwa maishani, na akikubali, huvieleza kwa herufi zisizozidi 1,325. Kujibu ni hiari.

Tuchukue mfano wa binti aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha akahamia Marekani na wazazi wake, wakimbizi kutoka Kongo. Tangu utotoni alimfasiria mama yake hospitalini. Alipofika chuo alifanya kazi usiku ili kodi ya nyumba ilipwe. Je, aeleze hayo? Na ajiulize maswali matatu.

Kwanza, je, ni mambo ya kweli, yanayoelezeka kwa wazi: kazi gani, saa ngapi, kwa muda gani? Pili, je, yalimpunguzia nafasi ya kusoma? Ugumu wa kawaida wa masomo, unaompata kila mwanafunzi, hautoshi. Tatu, je, yuko tayari kuulizwa habari hizo katika usaili? Kidonda kibichi hakuna anayelazimika kukifunua.

Iwapo majibu yote ni ndiyo, aandike. Asiishie kusimulia mateso. Aonyeshe alichokifanya na alichojifunza, ili msomaji azipime alama zake pamoja na mzigo aliokuwa ameubeba. Wala asitie chumvi, kwani tiba husimama juu ya uaminifu.

Nanyi wahudumu wa afya mnaoombwa ushauri, msimwambie kijana kwamba kutaja dhiki ni kuomba huruma. Historia iliyokamilika si ombi la sadaka. Ndiyo mwanzo wa uamuzi wa haki.