Waifai Inayokatikakatika: Pima Kwanza, Ndipo Uguse Ruta

Ukiishi New Site, Juba, na ruta yako ya nyumbani inaendeshwa na OpenWrt, una nafasi ambayo jirani mwenye ruta ya kawaida hana: mashine yako inaweza kukueleza inaumwa wapi. Programu hii huria ilianza mwaka 2004, baada ya msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G kuwekwa wazi, na tangu hapo imewapa wenye ruta ruhusa ya kuona kila kinachoendelea ndani. Lakini wengi wetu hatutazami. Leo tunabadilisha chaneli, kesho nywila, kesho kutwa tunaweka toleo jipya, na mwishowe hakuna ajuaye kilichoponya wala kilichoharibu. Usiguse mpangilio wowote kabla hujajua ni kipande gani kinachokatika. Ukishajua, badilisha kitu kimoja, kaa nacho siku nzima, ndipo uende kingine.

Vipande ni vitatu: umeme, waifai yenyewe, na intaneti inayoingia kutoka nje. Kwenye simu vyote vitatu hujionyesha kwa sura moja, video inazunguka na ujumbe wa WhatsApp hauondoki. Kuvitenganisha ni kazi ya dakika chache. Chukua kompyuta iliyounganishwa kwa waifai, fungua madirisha mawili ya amri, kwenye la kwanza andika `ping 192.168.1.1`, ambayo ni anwani ya ruta yako, kwenye la pili `ping 8.8.8.8`. Yaache yaendelee (kwenye Windows ongeza `-t`) hadi mtandao ukatike. Kama ruta inaendelea kujibu vizuri na ile ya nje imekwama, waifai haina kosa. Ongea na anayekuuzia intaneti. Kama zote mbili zimekufa kwa pamoja, subiri mtandao urudi, kisha ingia kwenye ruta kwa ssh uandike `uptime`. Ikikuambia imewaka dakika tatu tu zilizopita, hapo hakuna tatizo la mawimbi. Ruta yako ilizimika.

Kwa Juba, naanza na umeme kabla ya chochote kingine. Umeme wa gridi ulirudi kwa kishindo Novemba 2019, mtambo wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra ulipozinduliwa na JEDCO ikaanza kusambaza, lakini nyumba nyingi bado zinachanganya gridi, sola na jenereta. Kila mara swichi inapohamishwa kutoka chanzo kimoja kwenda kingine, taa hupepesa tu, ila ruta huanguka na kuanza upya, na hadi isimame tena dakika moja au mbili zimepita. Aliye sebuleni husema waifai imekatika.

Wanaolisha ruta moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola wana shida nyingine. Betri ya volti 12 haikai kwenye volti 12. Mchana ikichajiwa hupanda kupita 14, na usiku wa manane, friji ikiwaka, hushuka chini ya 12. Ruta nyingine huvumilia, nyingine hazivumilii, na baadhi, kama TL-WR841N ya TP-Link iliyozagaa Afrika Mashariki, zinahitaji volti 9, si 12 kabisa. Soma kibandiko cha chini ya ruta, kisha mwombe fundi wa sola akufungie konveta ya DC inayotoa volti hiyo hiyo bila kuyumba, yenye ampea zinazotosha. Dalili ya volti kuwa chini ni ruta kufanya kazi vizuri pasipo mtu, halafu kuanguka pale simu nyingi zinapoanza kupakua, kwa sababu redio ikituma kwa nguvu hunywa umeme zaidi.

Hapa kuna jambo linalowapoteza hata mafundi. OpenWrt huandika kumbukumbu zake ndani ya RAM, kwa hiyo ruta ikizimika ushahidi wote unafutika. Chomeka flashi ya USB na uelekeze kumbukumbu huko kupitia `log_file` katika mipangilio ya mfumo. Usiziandike kwenye hifadhi ya ndani ya ruta, maana hiyo huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Tazama pia tarehe: ruta nyingi hazina betri ya saa, hivyo zikiwaka hushika tarehe ya zamani mpaka ziipate saa sahihi kwenye intaneti. Ukiona tarehe inaruka nyuma katikati ya kumbukumbu, hapo ndipo ilipozimika.

Joto nalo si la kudharau. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 shule zikafungwa tena. Ruta za nyumbani kwa kawaida zimeandikwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Sasa iweke juu ya kabati, karibu na mabati yaliyopigwa jua tangu asubuhi, uione itakavyokuwa saa tisa alasiri. Ikikatika alasiri tu na usiku ikatulia, ishushe, itoe ndani ya kasha, isimamishe wima ipitishe hewa. Dawa hiyo haina gharama, na naipa nafasi kabla ya amri yoyote.

Umeme ukiwa safi na ruta haizimiki, sasa ndiyo zamu ya mawimbi. Andika `iwinfo` uone majina ya redio zako, `phy0-ap0` katika matoleo mapya au `wlan0` katika ya zamani, kisha `iwinfo phy0-ap0 assoclist`. Kila simu itaonekana na nguvu ya mawimbi yake kwa dBm. Namba hizi ni hasi: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa simu ya video, na ikifika -80 usishangae kukatika. Mabati hurudisha mawimbi, iwe ni ukuta wa kontena, uzio au paa la chumba cha uani. Kuongeza nguvu ya ruta hakusaidii kama unavyodhani, kwa sababu simu haiongezeki nguvu. Itaisikia ruta, lakini ruta haitaisikia simu. Chumba cha uani kivutie waya wa Ethernet, uweke ruta ya pili huko yenye jina na nywila ile ile lakini chaneli tofauti. Mimi sipendi virudishi vya mawimbi vinavyopokea na kutuma kwa redio moja. Vinakula nusu ya kasi na kuongeza msongamano.

Wanaotumia modemu ya 4G iliyochomekwa kwenye USB ya ruta wasome hapa kwa makini. Tundu la USB 3.0 linapofanya kazi hutoa kelele ya redio katika masafa ya GHz 2.4, jambo ambalo Intel ilieleza kwa vipimo mwaka 2012. Modemu ikibanana na antena, waifai ya GHz 2.4 hudhoofika ghafla, huku ile ya GHz 5 ikiwa nzima. Tumia waya mfupi wa USB kuisogeza modemu mbali na antena, au ihamishie tundu la USB 2.0 kama lipo.

Chaneli ni rahisi kuliko watu wanavyoifanya. Kwenye GHz 2.4 chagua 1, 6 au 11, upana MHz 20, basi. Kujua ipi imejaa, andika `iw dev phy0-ap0 survey dump`, ulinganishe muda ambao chaneli ilikuwa na shughuli na muda wote uliopimwa. Ikizidi nusu, hama. Kwenye GHz 5 kaa kati ya 36 na 48. Kuanzia 52 hadi 144 ruta inalazimika kusikiliza rada kwanza na kuondoka ikiisikia. Ukiona `DFS-RADAR-DETECTED` kwenye kumbukumbu, ndiyo sababu waifai ilipotea yenyewe. Angalia pia `iw reg get`. Ukikuta nchi imeandikwa 00, mfumo umejifunga kwenye kanuni za jumla za dunia, na hapo redio ya GHz 5 inaweza kukataa kuwaka kabisa. Sudan Kusini ni SS. Weka hiyo, uangalie tena. Ikibaki 00, tumia GHz 2.4 katika chaneli 1 hadi 11, usiazime msimbo wa nchi nyingine ili kupata nguvu zaidi.

Kama bado kuna simu moja inayodondoka wakati nyingine zimetulia, fungua `logread -f` na uisubiri. Maneno `disconnected due to excessive missing ACKs` yana maana kwamba ruta ndiyo iliyoifukuza simu kwa kutojibu, mara nyingi simu ikiwa imelala kuokoa betri. Kwenye mipangilio ya waifai, weka `disassoc_low_ack` kuwa 0. Kama simu haiingii kabisa, au inaingia na kutoka, na ni ya zamani, punguza ulinzi kutoka mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 hadi WPA2 peke yake yenye CCMP, na uzime 802.11r kama uliiwasha. WPA2 yenye nywila ndefu bado ni kinga ya kutosha nyumbani.

Wenye Starlink, iliyoingia Sudan Kusini mwaka 2024, wana mtego wao. Ruta ya Starlink hutumia 192.168.1.1, na OpenWrt ikiwa mpya hutumia anwani hiyo hiyo. Ukiziunganisha hivyo, intaneti inakuja na kupotea bila mantiki. Badilisha anwani ya LAN ya OpenWrt iwe 192.168.50.1, kwa mfano, na ikiwezekana weka ile ya Starlink kwenye hali ya kupitisha tu ili redio mbili zisigombane chumba kimoja.

Toleo jipya naliacha mwisho kwa makusudi. Kabla ya kulisakinisha, hifadhi mipangilio kwa `sysupgrade -b /tmp/nakala.tar.gz` na uinakili kwenye kompyuta, kwani `/tmp` nayo hufutika. Ruta zenye hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32 ziliishia toleo la 19.07. Maneno `Out of memory` yakijirudia kwenye kumbukumbu za mashine ndogo, hakuna mpangilio utakaoiokoa. Hapo ni kununua nyingine. Tafuta yenye chipu ya MediaTek au Qualcomm Atheros na RAM ya MB 128 au zaidi, uiepuke Broadcom kwa sababu redio zake nyingi hazina dereva huria nzuri. Na ukiwa dukani Konyo Konyo, geuza boksi usome namba ya toleo, v1, v4, v13, kisha uilinganishe na orodha ya vifaa ya OpenWrt kwenye simu kabla hujalipa, kwa sababu jina moja la ruta huweza kuficha mashine tofauti kabisa ndani.