Dawa Mseto ya Malaria: Kutoka Jani la Artemisia hadi Tangi la Hamira

Kidonge cha ALu unachopewa zahanati kina dawa mbili ndani yake: miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Lumefantrini hutengenezwa kiwandani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Artemetha hutokana na artemisinini, na hiyo hutengenezwa na mmea wa jamii ya pakanga, Artemisia annua, ambao asili yake ni China na sasa hulimwa pia Kenya, Uganda na Tanzania.

Ukilifikicha jani lake utasikia harufu kali. Juu ya jani kuna tezi ndogo sana, zinazoonekana vizuri kwa hadubini, na humo ndimo artemisinini inamokusanyika. Mmea huijenga kwa hatua: vimeng'enya hukunja mnyororo wa atomu 15 za kaboni, huuongezea oksijeni, na mwishoni mwanga na hewa humalizia kazi. Inayopatikana ni molekuli yenye atomu mbili za oksijeni zilizoungana kama daraja. Nguvu yote ya dawa iko hapo. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, na chuma kinachotokana na mlo huo hulivunja daraja. Vipande vyake vinakiharibu kimelea kutoka ndani.

Daraja hilo halipendi moto. Mwanasayansi Tu Youyou wa Beijing aliligundua hilo kwa taabu, akiwa katika mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria ulioanzishwa na serikali ya China mwaka 1967. Dondoo za mmea huu zilikuwa zikifanya kazi leo, kesho zinashindwa. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, kilichoelekeza kuloweka mmea kwenye maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hapakutajwa kuchemsha. Mwaka 1971 akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na dondoo lile likaua vimelea vyote kwenye panya wa maabara. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Leo kazi huanzia kitaluni. Mbegu ni ndogo mno: gramu moja ina zaidi ya elfu kumi. Mkulima huvuna maua yanapokaribia kuchanua, hukausha, kisha hupukutisha majani. Mara nyingi kilo 100 za majani makavu hazitoi hata kilo moja ya artemisinini. Kiwandani majani hulowekwa kwenye kiyeyushi kama heksani, kiyeyushi hufukizwa, na kinachobaki husafishwa hadi zipatikane fuwele nyeupe. Wanakemia huziongezea haidrojeni, kisha methanoli, na hapo ndipo artemetha inapopatikana.

Kwa kuwa mavuno na bei vilipanda na kushuka vibaya, kikundi cha Jay Keasling cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliingiza jeni za mmea huu kwenye hamira, ya jamii ile ile inayoumua maandazi. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kupata gramu 25 za asidi ya artemisiniki katika kila lita. Kampuni ya Sanofi ikaigeuza asidi hiyo kuwa artemisinini kwa mwanga wa taa kiwandani Garessio, Italia. Molekuli inayotoka tangini ni ile ile ya shambani, na mwili hauwezi kuzitofautisha. Kilichoikwamisha njia hii ni bei: ilipofika 2015, artemisinini ya mashambani iliuzwa chini ya dola 250 kwa kilo, na ya hamira iligharimu zaidi ya dola 350.

Kwa kuwa molekuli ni ile ile, anayekushauri unywe chai ya artemisia kwa sababu "ni ya asili, haina kemikali" anakuweka hatarini. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kiasi chake hutofautiana jani kwa jani, na kikombe hakina dawa ya pili ya kumalizia vimelea vinavyobaki. Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai hiyo. Nami nalisisitiza hili kwa sababu dozi pungufu hukuza usugu, na vimelea vyenye usugu kiasi kwa artemisinini vimeshapatikana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania.

Ukipata homa, pima kwanza. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 vya ALu, vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata; jumla 24. Meza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo lumefantrini haiingii mwilini vya kutosha. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi hiyo, na urudi kituoni upewe vidonge vya kufidia. Usimbakizie mwenzako hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Mgonjwa mwenye degedege, anayepoteza fahamu au anayetapika kila kitu apelekwe hospitali mara moja. Huko huchomwa sindano ya artesunate, nayo pia hutengenezwa kutokana na artemisinini, kisha akiweza kumeza humaliza dozi kamili ya dawa mseto.