Ruhusa ya Mwenye Kiwanja na Mnyama Asiye Wake

Tuchukue mfano wa kijana mmoja anayeishi upande wa Kanyosha. Jua limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kijana ana mbwa wawili, panga, na vitanzi vitano vya waya mfukoni. Ameambiwa kwamba katika kiwanja kimoja cha Kibenga, chenye nyumba isiyomalizika na nyasi zinazofika kiunoni, kuna ndezi wengi. Mwenyewe yuko Ulaya. Kijana anaruka ukuta. Jirani anasikia mbwa, anachungulia, anaona kivuli kilichoshika panga, anapaza sauti: "Mwizi!" Zamu wa nyumba ya tatu anapuliza filimbi, na wengine wanaitikia. Kuanzia hapo hakuna tena anayeuliza habari za ndezi.

Mfano huu tumeubuni, lakini yeyote aliyewahi kufanya doria ya usiku ataona kwamba hauna jambo la ajabu. Mtu aliyefuata kitoweo anaweza kupoteza maisha mikononi mwa watu wenye hasira, kabla gari la polisi halijafika. Watu hao nao, ambao asubuhi walikuwa majirani wema, huamka siku ya pili wakiwa watuhumiwa wa mauaji. Ruhusa ya kuingia katika ardhi ya mtu ina uzito huo, nasi tumeona vema kuieleza hapa kwa urefu kidogo.

Mwindaji anapaswa kujiuliza maswali mawili: ardhi hii ni ya nani, na mnyama huyu ni wa nani? Wengi hudhani ni swali moja. Wapo pia wasiojiuliza hata moja.

Tuanze na ardhi. Kanuni ya ardhi ya Burundi ya tarehe 9 Agosti 2011 inatambua hati ya umiliki inayotolewa na msajili wa ardhi, na vilevile sheti ya ardhi inayotolewa na huduma za ardhi za komuni. Ukuta hauhusiki katika kumfanya mtu awe mwenye mali. Kiwanja kisichozungushiwa hata kamba kina mwenyewe, na shamba la muhogo ambalo mipaka yake ni safu ya migomba lina mwenyewe pia. Penye makazi ndani ya kiwanja, jambo linakuwa zito zaidi, kwa maana Katiba ya mwaka 2018 inalinda nyumba ya mtu dhidi ya kuingiliwa kiholela. Hata afisa wa polisi haingii nyumbani kwa raia ila kwa njia iliyowekwa na sheria. Ikiwa mwenye sare amewekewa mpaka, mwenye mbwa na vitanzi hawezi kujiona yuko huru kuliko yeye.

Sasa, katika mtaa kama Kibenga, ni nani hasa mwenye uwezo wa kusema "ingia"? Viwanja vingi vya mtaa huu, hasa vya karibu na ziwa, vina wenyewe wanaoishi mbali. Nyumba imepangishwa, au inajengwa polepole, au imefungwa na kuachiwa zamu. Mwenye mali anaweza kuruhusu. Mpangaji anaweza kuruhusu mgeni aingie katika sehemu aliyoipanga, mradi haendi kinyume cha mkataba wake. Ndugu au msimamizi aliyepewa mamlaka kwa maandishi anaweza, kwa kadiri ya maandishi hayo. Zamu hawezi. Kazi aliyopewa ni kulinda, na mlinzi hagawi anachokilinda.

Tunalisema hili bila kumdharau zamu, kwani mara nyingi ndiye mtu pekee anayepatikana getini, mshahara wake ni mdogo, na noti chache za faranga huweza kumshawishi. Lakini jambo likiharibika, zamu yuleyule ndiye atakayesema, "Mimi simjui huyu." Atasema hivyo ili kulinda kibarua chake, na aliyeingia kwa noti hatakuwa na shahidi. Njia iliyonyooka ni kumwomba zamu akupe nafasi ya kuzungumza na bosi wake kwa simu, au akuelekeze kwa mkuu wa mtaa, ambaye kwa kawaida anajua kiwanja kipi ni cha nani.

Kuna ubishi mwingine unaotokea kwenye ukingo wa ziwa. Kanuni ya maji ya tarehe 26 Machi 2012 imeweka kando ya Ziwa Tanganyika ukanda wa ulinzi wa mita 150. Baadhi ya wenye viwanja husogeza uzio hadi majini kana kwamba sheria hiyo haikuandikwa. Wapo pia vijana wanaosema kuwa, kwa kuwa ukanda ule si kiwanja cha mtu, basi kila mmoja atege humo apendavyo. Wote wawili wamekosea. Ukanda umewekwa ili kulinda ziwa na viumbe wake, na maji yalipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024 hadi kuingia majumbani, sote tulijifunza kwamba ziwa halifuati michoro yetu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili, ambalo ndilo linalowashangaza wengi. Tuseme kijana wetu amefanya yote ipasavyo. Amempata mwenye kiwanja, naye amemwandikia: "Namruhusu kijana huyu kuwinda kwangu." Je, sasa anaweza kutega?

Hawezi. Barua hiyo inamfungulia geti tu. Kuku, mbuzi na sungura wa bandani ni mali ya mwenye boma, naye anaweza kuwauza, kuwachinja au kuwagawa. Ndezi aliyejiingiza katika nyasi, kwale anayetagia chini ya kichaka, na kiboko anayepanda usiku kutoka ziwani si mali yake, hata kama wamelala kwake mwaka mzima. Wanyamapori wamo katika urithi wa taifa, na ulinzi wao uko chini ya Ofisi ya Burundi ya Ulinzi wa Mazingira, ijulikanayo kama OBPE. Sheria ya tarehe 30 Mei 2011 inahusu hifadhi, kama vile Rusizi na Kibira. Ile ya tarehe 10 Septemba 2011 inahusu biashara ya wanyama na mimea ya porini. Aidha, tangu mwaka 1988 Burundi ni mwanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo anayeshika nyama ya kiboko au meno yake hawezi kujitetea kwa kusema kuwa mwenye kiwanja alimkubalia. Mwenye kiwanja hakuwa na cha kumkubalia. Na bunduki, ikiwa ipo, ina sheria yake ya mwaka 2009 kuhusu silaha ndogo, ambayo nayo haitambui barua ya jirani.

Majirani zetu wamefuata njia iyo hiyo, kila mmoja kwa namna yake. Tanzania, kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2009, imewaweka wanyama hao mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na mwindaji huhitaji leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Uganda imekwenda mbele kidogo: kuanzia mwaka 2001, kwenye ranchi zinazozunguka hifadhi ya Ziwa Mburo, uwindaji uliruhusiwa kwa majaribio chini ya usimamizi wa mamlaka ya wanyamapori, na wenye ardhi wakawa na fungu katika mapato. Tazameni hapo: mwenye ardhi anashirikishwa na anapata chake, lakini idadi ya wanyama wa kuwindwa haipangi yeye.

Ndugu zetu waliohamia Marekani watakuta mambo hayohayo kwa sura nyingine. Huko wanyamapori husimamiwa na jimbo, hivyo leseni ni ya lazima, lakini leseni haimpi mtu haki ya kuvuka uzio wa mkulima bila kumwomba. Katika jimbo la Texas, tangu mwaka 1997, alama ya rangi ya zambarau iliyopakwa juu ya mti au nguzo ni katazo kamili la kuingia, ingawa haina hata neno moja. Nchini Sweden, ambako desturi huruhusu mtu kutembea katika msitu wa mwingine na kuchuma matunda ya porini, uhuru huo haufiki kwenye kuwinda.

Turudi Kibenga, tuzungumze na wenye viwanja, kwa maana nao wana sehemu yao katika somo hili. Wapo wanaosema: "Kiboko amekula bustani yangu, kwa nini nisimuue?" Hasara yao ni ya kweli. Kiboko mmoja anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, ana uzito wa tani moja na zaidi, na pamoja na unene huo anamshinda binadamu mbio. Lakini kumrushia mkuki, kumtegea waya wenye umeme au kumwekea sumu ni kosa, na tena ni hatari kwa watu kuliko kwa kiboko. Waya wa umeme hauchagui kati ya mnyama na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Kitanzi nacho hunasa mbuzi, mbwa na mguu wa mtu kwa urahisi uleule. Kiboko akionekana uani, watu waingie ndani, wasimmulike kwa taa wala kumrushia mawe, na zaidi ya yote wasisimame kati yake na ziwa, kwa sababu akitishika hukimbilia majini na kumkanyaga atakayemkuta njiani. Kisha wapige simu polisi na OBPE, au wamwarifu mkuu wa mtaa. Nyasi za kiwanja kilichotelekezwa zifyekwe. Ndizo zinazomwita ndezi, naye ndezi anamwita kijana mwenye vitanzi.

Je, namna ya kuomba ni ipi? Wazee wetu waliokuwa wakipita kilima kwa kilima hawakuingia katika boma la mtu pasipo kubisha, na desturi hiyo haijapitwa na wakati hata pale ambapo boma limekuwa jumba lenye geti la chuma. Nenda mchana, wala usiende na kundi. Usibebe panga siku ya kuomba. Waache mbwa nyumbani. Taja jina lako na mahali unapoishi kabla hujaulizwa. Eleza unachokitaka, siku gani, mko wangapi, mtaingilia wapi. Ukikubaliwa, omba ujumbe wa maandishi, hata wa simu, uuhifadhi. Ukikataliwa, shukuru uondoke. Mwenye mali halazimiki kukueleza sababu. Kukitokea mzozo juu ya jambo dogo kama njia au mbuzi aliyepotea, bashingantahe wa mahali wanaweza kuumaliza kabla haujafika kituoni, nasi polisi tunafurahi kila wanapofanikiwa.

Tumrudishe basi kijana wetu, safari hii saa tatu asubuhi, mikono mitupu.

"Hodi, mzee."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

Anajitaja. Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani. Kisha anasema: "Mzee, nilikuwa naomba kuzungumza na mwenye kiwanja. Nataka kumwomba nitege ndezi humu ndani."

Zamu anacheka kidogo, lakini anapiga simu. Sauti ya mwenye kiwanja inasikika kutoka mbali: "Mwanangu, kutega siwezi kukuruhusu, na hata ningetaka, wanyama hao si wangu. Nyumbani unafuga nini?"

"Nina mbuzi wanne, baba, na sungura wachache."

"Basi nyasi ni zangu. Njoo uzikate zote, uwapelekee mbuzi wako. Bei hatutaongea. Ila usichome moto, na ukiona mtego wowote humo, umwonyeshe mzee hapo."

Wanakubaliana iwe Jumamosi, baada ya kazi za maendeleo ya mtaa, mchana kweupe. Atakuja yeye na mdogo wake, wawili tu, na kwa kuwa nyasi hazikatwi kwa mikono, atakuja na panga. Kwa hiyo mwenye kiwanja anamtumia mkuu wa mtaa ujumbe wenye jina la kijana, siku na saa, na zamu anavuka barabara kumwambia jirani, yule mwenye sauti kubwa, kwamba Jumamosi ataona watu wawili na panga upande wa pili wa ukuta, na kwamba wamealikwa.