Kutoka Elisheba hadi Elizabeti: Utohozi wa Jina la Pekee na Suala la Umbo Sahihi

1.0 Utangulizi

Majina ya pekee hayajapewa nafasi kubwa katika uchunguzi wa utohozi wa Kiswahili. Mifano inayorudiwarudiwa ni ya nomino za kawaida: shule, meza, baiskeli, kitabu. Majina ya watu huachwa kando kwa sababu ya dhana kwamba jina la pekee ni alama tupu isiyo na maana ya kileksika, na kwa hiyo halitafsiriwi wala halitoholewi, bali hunakiliwa kama lilivyo. Dhana hiyo imezaa nyingine yenye madhara zaidi darasani na ofisini, nayo ni kwamba mwanafunzi anayesema au kuandika Elizabeti amekosea, na kwamba umbo sahihi ni Elizabeth.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kulifuatilia jina hilo moja katika lugha kadhaa za Ulaya na kwa baadhi ya wanawake mashuhuri waliolibeba. Hoja yake ni kwamba hakuna umbo la jina hili lililopo leo, la Kiingereza likiwamo, ambalo halikupatikana kwa utohozi. Basi Elizabeti haliwezi kupimwa kwa Elizabeth, kama vile Erzsébet la Kihungaria lisivyopimwa kwa Elisabetta la Kitaliano.

2.0 Asili ya Jina

Mwanamke wa kwanza anayejulikana kwa jina hili ni mke wa Haruni, anayetajwa katika Kutoka 6:23. Kwa Kiebrania sehemu ya kwanza, El, ni Mungu. Sehemu ya pili huhusishwa na mzizi wa kiapo, ambao pia ni mzizi wa namba saba. Ndiyo maana jina hufasiriwa mara nyingi kuwa ‘Mungu ni kiapo changu’. Msemaji wa Kiswahili humtaja jamaa wa mzizi huo kila anapohesabu, kwani saba tuliyoipata katika Kiarabu ina asili moja na sheva ya Kiebrania. Katika lugha zote mbili za Kisemiti neno hilo huishia kwa konsonanti ya kooni, ayn, ambayo Kiswahili hakikuipokea.

Wayunani nao hawakuipokea. Wayahudi wa Misri walipoifasiri Torati kwa Kiyunani katika karne ya 3 K.K., walikutana na jina lenye sauti mbili ambazo Kiyunani hakikuwa nazo: sh na ayn. Sh ikawa s, ayn ikatoweka, na mwishoni ikatokea t. Hiyo t haikuwa ngeni kabisa kwa majina ya aina hii: binti mfalme anayeitwa Yehosheba katika 2 Wafalme 11:2 ana t mwishoni mwa jina lake katika matini ya Kiebrania ya 2 Mambo ya Nyakati 22:11. Hivyo likapatikana Elisabet, na ndilo alilopewa mama wa Yohana Mbatizaji katika Injili ya Luka, ambayo inamtaja kuwa wa uzao wa Haruni. (Wasomaji Waislamu wanamfahamu kama mke wa Nabii Zakaria na mama wa Yahya, Kurani haimtaji kwa jina, kwa kuwa Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa humo kwa jina lake.)

Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 inamwita mke wa Haruni Elisheba na mama wa Yohana Elisabeti. Jina moja limekuwa mawili ndani ya jalada moja kwa sababu Agano la Kale lilifasiriwa kwa kufuata Kiebrania na Agano Jipya kwa kufuata Kiyunani. Msomaji wa kawaida hana njia ya kujua kwamba mama wa Yohana alibeba jina la bibi wa ukoo wake, jambo ambalo Luka anaelekea kulidokeza.

3.0 Njia Mbili za Kuingia Ulaya

Kadiri karne zilivyopita, matamshi ya Kiyunani yalibadilika, na herufi iliyokuwa b ikatamkwa v. Mabadiliko hayo yamelipa jina hili alama inayoonyesha lilikopita. Mataifa yaliyopokea Ukristo kutoka Bizanti yalilisikia likiwa na v: Yelizaveta kwa Warusi, Elisaveta kwa Wabulgaria, Jelisaveta kwa Waserbia. Yale yaliyoupokea kutoka Roma yalilipata kwa Kilatini, chenye b ya zamani: Elżbieta kwa Wapolandi, Alžběta kwa Wacheki, Elizabeta kwa Wakroatia. Wakroatia na Waserbia huelewana wanapozungumza bila mkalimani, lakini konsonanti moja ya jina la mama huweza kudokeza kanisa alikobatizwa bibi yake. Kiromania kinayo maumbo yote mawili. Malkia wa Romania aliyejulikana kwa uandishi wake chini ya jina la Carmen Sylva (1843–1916) aliitwa Elisabeta, kwa b. Yeye alikuwa binti wa Kijerumani.

Aliyelieneza jina hili Ulaya ya Magharibi kuliko mwingine yeyote ni Elisabeth wa Hungaria, binti wa Mfalme Andrew II. Alizaliwa mwaka 1207, akaolewa Thuringia katika Ujerumani, akafiwa na mumewe akiwa na miaka 20, akatumia mali yake kuhudumia wagonjwa huko Marburg hata akafa mwaka 1231. Mwaka 1235 alitangazwa kuwa mtakatifu. Umuhimu wake kwa makala haya unatokana na jamaa yake aliyefuata.

4.0 Elisabeth na Isabel: Jina Moja au Mawili?

Mwaka 1271 alizaliwa binti wa mfalme huko Aragon. Nyanya yake mzaa baba alikuwa dada wa Elisabeth wa Hungaria kwa upande wa baba, na mtoto akapewa jina la mtakatifu huyo. Lakini aliitwa Isabel. Aliolewa na mfalme wa Ureno, akafa mwaka 1336, naye akatangazwa mtakatifu mwaka 1625. Vitabu vya Kiingereza humwita Elizabeth wa Ureno. Wareno hawakuwahi kumwita hivyo.

Ni vipi Elisabet likawa Isabel? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Neno la Kihispania haliishii kwa t kwa kawaida, lakini l mwishoni inaruhusiwa. T ikabadilishwa kuwa l. Kisha el ya mwanzo ikasikika kama kibainishi cha lugha hiyo, ikakatwa, ikabaki Isabel. Mchakato wa pili usimshangaze Mswahili. Kitabu la Kiarabu halikuwa na kiambishi cha ngeli, lakini ki- yake ilisikika kama kiambishi, tukapata vitabu. Waarabu nao walipolipokea jina la Alexander waliisikia al- ya mwanzo kama kibainishi chao, wakabaki na Iskandar. Sikio la mpokeaji hulikata neno pale sarufi yake inapomwelekeza, na jina la pekee halina kinga dhidi ya kisu hicho.

Ugumu uko katika kuamua kama haya ni majina mawili. Kietimolojia ni moja. Kwa Mhispania wa leo pia ni moja: Elizabeth I wa Uingereza (1533–1603) huitwa Isabel I, sawa na Isabel wa Castile (1451–1504), na Elizabeth II (1926–2022) huitwa Isabel II, sawa na malkia wa Hispania aliyetawala toka 1833 hadi 1868. Mfalme Felipe II alipomwoa Élisabeth, binti wa mfalme wa Ufaransa, wenyeji walimwita Isabel bila kusita. Kwa Mwingereza wa leo, kinyume chake, Elizabeth na Isabel ni majina tofauti, na mama anaweza kuwapa binti zake wawili, mmoja hili na mmoja lile, pasipo mtu kucheka. Etimolojia peke yake, basi, haiamui utambulisho wa jina. Unaamuliwa na kumbukumbu ya jamii inayolitumia.

Kwamba kumbukumbu hiyo si jambo dogo kulidhihirika baada ya tarehe 6 Februari 1952. Siku hiyo Mfalme George VI alifariki wakati binti yake yuko Nyeri, Kenya. Alipopewa habari katika nyumba ya Sagana aliulizwa atatawala kwa jina gani. Swali hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa baba yake, aliyebatizwa Albert, alichagua George alipotawazwa. Binti alichagua lake mwenyewe, na hapo akawa “wa Pili”. Waskoti wengi walikataa namba hiyo, kwani Elizabeth wa kwanza hakupata kuitawala Uskoti. Shauri lilifikishwa mahakamani likashindwa mwaka 1953, na mwaka huohuo sanduku la posta la Edinburgh lenye alama ya namba hiyo lililipuliwa. Tangu hapo masanduku mapya huko yaliwekwa taji la Uskoti badala ya alama ya malkia. Wanaoshikilia kwamba jina la pekee ni alama tupu wana wajibu wa kueleza baruti hiyo.

5.0 Th ya Kiingereza na T ya Kiswahili

Inabaki hoja ya wale wanaosema kwamba, yote yakiwa yamekubaliwa, Kiswahili kilipata jina hili kwa Waingereza, hivyo kifuate th yao. Hoja hii inajengwa juu ya dhana kwamba th ni sauti ya asili ya jina. Sivyo. Katika Kiingereza cha zamani jina lilitamkwa kwa t. Th iliyoandikwa kwa kuiga Kilatini na Kiyunani ndiyo iliyokuja kubadili matamshi baadaye, wasomi walipoanza kusoma herufi. Ushahidi umo katika majina ya kubembeleza, ambayo hayapiti shuleni: Bet na Betty yana t mpaka leo, kama Kate lililotokana na Katherine. Beth lina th kwa kuwa limekatwa katika umbo lililokwisha badilika.

Kiswahili kina th, kwa mfano katika thelathini na methali, kwa hiyo si upungufu wa sauti uliokilazimisha kutumia t. Maandiko yaliyofuata Kiyunani yaliiweka t, na irabu -i ikaongezwa kwa kuwa silabi ya Kiswahili hupenda kuwa huru, kama katika benki na tiketi. Mkazo nao ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho: Elisabéti. Katika Kiingereza mkazo uko kwenye -li-, na ndiyo maana Eliza na Liz ni vifupisho vyepesi huko. Kwetu Beti ndicho kifupisho kinachoibeba silabi yenye mkazo, na kinatumika sana majumbani. Anayekisikia na kudhani ni Betty lililoharibiwa hajatazama mkazo ulipo. Ama kuhusu s na z, Elisabeti na Elizabeti yote yanaandikwa, na hakuna sababu ya kifonolojia ya kulikataa mojawapo.

Mwenye jina ana haki ya kuliandika katika cheti chake kama alivyobatizwa, na karani hana mamlaka ya kumwongezea au kumpunguzia herufi. Kwa waandishi wa vitabu vya historia suala ni tofauti. Malkia wa Castile huingia katika vitabu vyetu akiwa Isabella, umbo la Kilatini na Kitaliano lililopitia Kiingereza, ingawa raia zake walimwita Isabel. Kama jina lake ni la kutoholewa, Isabeli lina haki zaidi, na mhariri anayelikubali Elizabeti katika ukurasa mmoja hana hoja ya kulikataa Isabeli katika ukurasa unaofuata.