Mizizi Tunayoitupa: Somo la Kupanda Vitunguu Majani Nyumbani

Fungu la vitunguu majani linapofika nyumbani kutoka sokoni, jambo la kwanza linalofanyika jikoni ni kukata mizizi na kuitupa. Sehemu hiyo inayotupwa ndiyo yenye uhai. Kipande cha shina chenye upana wa vidole viwili, kikiwa na mizizi yake, kikirudishwa ardhini huchipua upya na kuendelea kutoa majani. Somo la toleo hili linaeleza namna ya kuanzisha shamba dogo la aina hiyo uani, hata kwa mkazi asiye na eneo.

Tuchukue mfano. Kaya inayonunua fungu la shilingi 500 mara tatu kwa wiki hutumia shilingi 1,500. Katika wiki 52 za mwaka kiasi hicho hufikia shilingi 78,000. Kwa familia nyingi hizo ni fedha za madaftari na sare za mtoto mmoja au zaidi.

Kuchagua aina

Jina la vitunguu majani hubeba mimea zaidi ya mmoja. Upo ule wenye majani membamba sana na maua ya zambarau, ambao kwa Kiingereza huitwa chaivi. Mmea huo hupenda ubaridi, hivyo unafaa zaidi milimani kama Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuliko katika joto la Pangani. Upo pia ule wenye majani manene kidogo, yaliyo wazi ndani kama mrija, usiotunga kitunguu chini. Huu huvumilia joto zaidi, na ndio tunaoupendekeza kwa wakazi wa pwani.

Wakati mwingine fungu la sokoni huwa ni vitunguu maji vilivyong'olewa vikiwa vichanga. Hivi hutambulika kwa tumbo lililoanza kuvimba juu ya mizizi. Huchipua mara chache, kisha hudhoofika. Kagua shina kabla ya kununua, na chagua lenye mizizi mibichi isiyooza.

Udongo na mahali

Vitunguu majani havihitaji kina kirefu. Ndoo iliyopasuka, karai kuukuu au kiroba kilichojazwa udongo kwa kina cha sentimita 20 hutosha, ilimradi kitobolewe chini ili maji yasituame. Changanya mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu moja la mboji au samadi iliyooza vyema, na fungu moja la mchanga usiotoka ufukweni. Samadi iwe imekaa angalau miezi minne, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya maradhi.

Weka chombo mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana, mfano chini ya mnazi au upande wa mashariki wa nyumba. Zungushia matete au wavu, maana kuku huyafukua mashina machanga kwa dakika chache. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ili kuhifadhi unyevu. Makumbi yaliyofukiwa katika maji ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba yasitumike, kwa kuwa yamenyonya chumvi.

Kupanda na kuvuna

Wakati mzuri wa kuanza ni mwishoni mwa masika, upepo wa kusi unapoleta ubaridi. Panda kila kipande wima, mizizi chini, ncha ikichomoza kidogo, na acha sentimita 15 hadi 20 kati ya shina na shina. Mwagilia asubuhi ili majani yawe yamekauka kabla ya usiku. Majani yanayolala yamelowa hushambuliwa na ukungu kwa urahisi.

Mashina yakishika na kutoa majani marefu, vuna kwa kisu safi ukiacha sentimita 4 juu ya ardhi. Usiyanyofoe kwa mkono. Kila shina lipumzike takribani wiki tatu kabla ya kukatwa tena. Kaya inayopika nayo mara tatu kwa wiki ikikata mashina mawili kila mara, mashina 20 yataiwezesha kuzunguka bila kulirudia shina moja mapema. Ua likichomoza, likate, kwani hupunguza nguvu ya majani. Mashina yakisongamana, yang'oe, yagawe na kuyapanda upya. Baadhi mpatie jirani.

Maji ndiyo mtihani

Jamii ya vitunguu ni miongoni mwa mazao yasiyostahimili chumvi. Wakazi wanaoishi karibu na mlango wa Mto Pangani wanafahamu kuwa maji ya bahari hupanda mtoni yanapojaa, hasa nyakati za bamvua, na kwamba baadhi ya visima vya karibu na ufuo huwa na chumvi. Ncha za majani zikikauka na kuwa za kahawia, na utando mweupe ukionekana juu ya udongo, chunguza maji kabla ya kulaumu mbegu. Kinga maji ya mvua kila inapowezekana. Maji ya kuoshea mchele na mboga, yasiyotiwa chumvi, yanafaa pia.

Maji ya karo, ya mtaro au yaliyo karibu na choo yasitumike kabisa. Majani haya huliwa mabichi kwenye kachumbari, hivyo kimelea kilichomwagiwa asubuhi huweza kufika sahani ya mtoto mchana. Kwa sababu hiyohiyo, osha majani kwa maji safi na salama kabla ya kuyala.

Vilevile, epuka kunyunyizia dawa ya kuua wadudu mboga unayoikata mara kwa mara. Majani yenye madoa au wadudu yakate mapema na kuyafukia mbali na bustani. Hii ndiyo faida kubwa ya kuotesha mwenyewe: unajua maji yaliyotumika na unajua kilichonyunyiziwa.

Matumizi jikoni

Harufu ya vitunguu majani hupotea vikichemshwa kwa muda mrefu. Vikatekate na uvitie dakika ya mwisho katika mchuzi wa samaki, supu ya pweza au mayai ya kukaanga, au uvinyunyize juu ya muhogo wa nazi chungu kinapoteremshwa. Ni mboga yenye vitamini C na K. Mabaki yake usiwape paka, mbwa wala ng'ombe, kwa kuwa jamii ya vitunguu huwadhuru.

Mahali pa kupata msaada

Mkazi anayeona majani yakinyauka bila sababu afike kwa afisa kilimo wa kata yake akiwa na shina moja lenye mizizi na udongo wake. Kwa masuala makubwa zaidi ya udongo, mkoa wetu una kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, wilayani Muheza. Vikundi vinavyotaka kulima kwa ajili ya kuuza viulize Idara ya Maendeleo ya Jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Kwa kaya inayoanza leo, hakuna mkopo unaohitajika. Fungu litakaloingia jikoni jioni hii lina mbegu yake tayari.

Kitengo cha Mawasiliano Serikalini
Halmashauri ya Wilaya ya Pangani