Hiace Yako Inataka Upepo Kiasi Gani?

Minada ya korosho huanza Oktoba, wakati kusi limetulia na joto la Mtwara linapanda. Hiace na Noah za kwenda Masasi, Newala na Lindi hujaa watu na magunia. Mzigo na joto vinafika pamoja, na vyote viwili huishia kwenye tairi.

Adui mkubwa wa tairi hapo ni upepo pungufu. Tairi lisilojaa hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto hulegeza nyuzi za ndani mpaka tabaka za mpira zinaachana. Ongeza lami ya saa nane mchana na mwendo wa kasi, tairi linapasuka, na dereva analaumu jua. Upepo ukizidi nao una hasara yake: tairi hukanyaga kwa katikati tu, gari hurukaruka kwenye vumbi na breki hazishiki sawasawa. Lakini kwa gari la abiria, mimi naogopa zaidi upepo pungufu.

Kipimo sahihi usikitafute ubavuni mwa tairi. Namba kubwa iliyoandikwa pale ni kikomo cha tairi lenyewe, wala haijui limefungwa kwenye gari gani. Fungua mlango wa dereva, utazame kibandiko kwenye nguzo yake. Kwenye magari yaliyotoka Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka, nazo huwa kwa kPa. Gawanya kwa 7 upate PSI ya kukadiria: 240 ni kama 34, 350 ni kama 50. Soma taratibu, kwa sababu mara nyingi mbele na nyuma hazilingani, na wakati mwingine gari tupu lina namba yake na gari lililojaa lina yake. Mazoea ya kujaza matairi yote manne sawasawa yanaumiza magari haya. Hiace ikijaa abiria mpaka kiti cha mwisho, na mizigo nyuma yao, uzito mwingi hukalia ekseli ya nyuma. Mtajie fundi namba mbili, ya mbele na ya nyuma, kisha usimame uone anavyopima.

Kibandiko hicho kinadhani umefunga tairi la aina iliyokusudiwa. Tairi la kawaida la Hiace, 195R15 lenye herufi C au LT, ni la kubebea mzigo. Likiwa na alama 107, tairi moja hubeba hadi kilo 975 likijazwa upepo wake kamili. Tairi la Noah nyingi, 195/65R15 lenye alama 91, hubeba kilo 615. Rimu zote ni za inchi 15, kwa hiyo la Noah laweza kuingia kwenye Hiace, na kwa macho utaona gari limekaa sawa tu. Usikubali, hata ukiambiwa ni la muda. Hakuna kiasi cha upepo kitakachofidia kilo 360 zilizopungua kwenye kila tairi.

Pima asubuhi kabla gari halijatoka, au baada ya kuegeshwa kivulini kwa saa tatu. Nunua geji yako mwenyewe. Kupiga tairi teke au kuligonga kwa spana hakusaidii, maana ubavu wa tairi la mzigo ni mgumu na huficha upungufu mkubwa. Ukifika Mingoyo ukapima 56 wakati asubuhi ulijaza 50, usipunguze. Hewa ikipata joto shinikizo hupanda, na namba ya kibandiko imewekwa kwa tairi baridi. Ukipunguza pale, kesho asubuhi utaanza safari na upepo pungufu.

Mchanga una hesabu yake. Anayeshuka Msimbati kufuata samaki hukutana na mchanga ambamo gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huzama haraka. Kupunguza upepo hurefusha unyayo wa tairi na kusaidia, lakini shusha kwanza abiria na mzigo. Kisha toa kama theluthi moja, uende polepole, bila kukata kona kali wala kukanyaga breki ghafla, maana tairi laweza kuchomoka kwenye rimu. Beba pampu na urudishe upepo kabla hujapanda lami wala kupakia tena. Pasipo pampu, usitoe upepo kabisa. Omba watu wasukume.

Maji ya chumvi hula midomo ya rimu, na kutu huruhusu upepo kuvuja kidogo kidogo. Osha rimu kwa maji baridi ukitoka ufukweni, na usiache valvu bila kifuniko. Tairi la akiba lipime pia.

Ukigundua umetembea umbali mrefu na tairi lililolala, usiombe lijazwe tu uendelee. Mwambie fundi ukweli, alivue atazame ndani. Akikuta ungaunga wa mpira, au mstari uliochubuka kuzunguka ubavu, tairi hilo limekwisha hata kama kashata zake bado ni mpya, na laweza kupasuka mbele yake wakati analijaza.